Kofia Ile Haikuwa Pambo

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na kutouliza kwangu kukamwunguza mwenzangu. Ndiyo sababu mwaka huu nimechukua kalamu, si kutunga shairi kama nilivyozoea katika jarida hili letu, bali kueleza jambo la kisayansi ambalo laiti ningalilijua mapema, nisingalitenda nililotenda.

Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka wa 2025, siku ya mashindano ya riadha baina ya mabweni. Nilikuwa kiranja wa bweni letu, na cheo kilikuwa bado kipya, kikinikaa kama koti la kuazima. Amri tuliyopewa sisi viranja ilikuwa moja: kila mwanafunzi aketi na bweni lake kwenye nyasi, amevaa sare kamili, bila kofia wala jaketi. Sasa, mwenzangu wa dawati ana ualbino. Alikuja uwanjani amevaa kofia pana ya pama na shati la mikono mirefu. Nikamwambia, "Toa kofia, bwana. Sheria ni sheria." Akanitazama kwa yale macho yake yanayofinyika mwangani, akasema, "Ndugu yangu, jua hili litaniumiza." Nami, kwa kuwa wenzetu walikuwa wakitutazama, niliichukua kofia ile nikaitia kwapani. Aliketi pale tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana.

Usiku huo hakulala. Masikio na shingo vilitoka malengelenge, na juma zima hakuonekana darasani. Likizo ya Aprili ilipofika, mamake alimpeleka kwa daktari wa ngozi, ambaye aliona madoa makavu, magumu, juu ya sikio la kulia. Aliyaondoa, akasema ni bahati yamewahiwa kabla hayajageuka kuwa kansa. Sisemi kwamba siku ile moja ndiyo iliyoleta madoa hayo. Hesabu ya jua huanza utotoni. Lakini nami niliiongezea hesabu ile saa nne nzima, kwa mikono yangu.

Aliporudi nilimwomba msamaha. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Lakini wewe, unajua jua linafanya nini ndani ya ngozi?" Nikanyamaza kimya, kwa sababu sikujua. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwenu nyote. Ameniruhusu kuyasimulia, ila jina lake nisilitaje.

MWALIMU NA KIUNZI CHA FITO

Oktoba mwaka huo huo ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 imewaendea watu watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia, na Omar Yaghi wa Marekani, aliyezaliwa Jordan katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Mwalimu wetu wa Kemia aliingia darasani kwa furaha kana kwamba tuzo ni yake. Mkononi alikuwa na fito tano na kamba za katani.

"Nani hapa amewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa?" akauliza. Karibu sote tuliinua mikono. "Basi mnajua kwamba kabla ya kukandika udongo, kuna nguzo na fito. Ukisimama mbali unaona nyumba. Ukisogea, unaona nafasi tupu baina ya fito, na kuku anaweza kupita. Hawa watu watatu wamejenga nyumba za namna hiyo kwa atomi, kisha wakaziacha bila kuzikandika!"

Tukacheka. Lakini ndivyo ilivyo hasa. Katika nyumba hizo, atomi za metali, kama vile zinki au shaba, ndizo mafundo yanayofungwa kamba, na molekuli ndefu zenye kaboni ndizo fito. Zikiunganishwa kwa mpangilio ule ule mara mabilioni, hufanya fuwele. Kila mmoja wetu anaijua fuwele ya chumvi au ya sukari. Tofauti ni kwamba fuwele ya chumvi imeshikamana, haina nafasi, ilhali hizi zina vyumba na vijia, na molekuli nyingine zinaweza kuingia, zikakaa, zikatoka. Gramu chache tu, mwalimu alisema, zina kuta ambazo zikitandazwa zaweza kufunika uwanja mzima wa kandanda.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni chanzo chake. Mnamo 1974, Robson alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Melbourne, akataka vipira vya mbao vitobolewe matundu ili wanafunzi waunde mifano ya molekuli. Alipoviunganisha aligundua kwamba mahali matundu yalipo panatosha kuamua umbo zima litakavyokuwa. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi, hata mwaka wa 1989 alipotangaza fuwele yake ya kwanza yenye nafasi ndani. Naam, chanzo chake kilikuwa matayarisho ya somo! Walimu wetu wapendwa, msichoke.

Mwalimu alipomaliza alisema, "Fuwele hizi hunasa gesi, huvuna maji kutoka hewa ya jangwani, na zimewahi hata kutumiwa kuigiza jinsi jua linavyoharibu DNA." Nilishtuka kama aliyeitwa jina. Kengele ilipolia nilimfuata hadi maabara, nikamweleza kisa cha kofia bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kigoda. "Keti," akasema. "Hapa tutakawia."

Haya ndiyo niliyojifunza siku hiyo na siku zilizofuata.

MAANDISHI NDANI YA NGOZI

Kila seli ya ngozi ina kiini, na ndani ya kiini mna DNA, yaani maandishi yanayoiambia seli namna ya kuishi, wakati wa kugawanyika na wakati wa kukoma. Maandishi hayo yana herufi nne pekee: adenini, thaimini, guanini na sitosini. DNA ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa, na kila kipandio cha ngazi ni herufi mbili zilizotazamana. Adenini hushikana na thaimini, guanini na sitosini, wala hazibadilishani wenzi. James Watson na Francis Crick walilieleza umbo hilo mwaka wa 1953, wakisaidiwa mno na picha ya eksirei iliyopigwa mwaka uliotangulia katika maabara ya Rosalind Franklin.

Angalia umbali uliopo. Kutoka kipandio kimoja hadi kinachofuata ni nanometa 0.34. Ukitaka kujua nanometa ni nini, chukua milimita moja ya rula yako uigawe sehemu milioni moja. Kila sehemu ni nanometa moja. Basi herufi za DNA zimepangwa karibu karibu mno, kama sahani zilizorundikwa bwaloni.

Sasa jua. Mwanga wa jua tunaouona si wote. Kupita rangi ya urujuani kuna miale ambayo jicho haliioni, iitwayo miale ya urujuanimno. Ile yenye urefu wa mawimbi wa nanometa 280 hadi 315 ndiyo hatari zaidi kwa ngozi, kwa kuwa nguvu yake yafaa hasa kumezwa na herufi za DNA. Nasi Wakenya tumejengewa nyumba juu ya mstari wa Ikweta, na shule yetu iko milimani, mahali ambapo hewa ya kuuchuja mwanga huo ni kidogo kuliko pwani. Msidanganywe na baridi ya asubuhi. Upepo hupoza ngozi, lakini miale haipozwi.

HERUFI ZINAPOSHIKANA VIBAYA

Chukua thaimini mbili zinazofuatana kwenye uzi mmoja wa DNA. Kila moja ina mahali ambapo atomi mbili za kaboni zimeshikana kwa mikono miwili. Mwale wa urujuanimno ukiipiga mojawapo, mkono mmoja huachia. Ikiwa jirani yake amekaa mahali panapofaa, mikono iliyoachia hukamatana, na thaimini mbili huungana kwa pingu ya kaboni nne zenye umbo la mraba. Badala ya kila herufi kutazama mwenzi wake upande wa pili wa ngazi, zimegeukiana zenyewe kwa zenyewe, na ngazi imepinda.

Seli inapotaka kunakili maandishi hayo ili igawanyike, hufika pale na kukwama, au hubahatisha na kuandika herufi isiyo sawa. Herufi moja ikikosewa mahali pasipo na maana, hapana neno. Ikikosewa katika sentensi inayoiambia seli "sasa koma kugawanyika", basi msiba umeanza. Huo ndio mwanzo wa kansa nyingi za ngozi. Thaimini na thaimini si jozi pekee iumiayo. Sitosini nayo huungana na majirani zake vivyo hivyo, na makosa mengi ya uandishi hutokea hapo. Lakini ya thaimini mbili ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, na ndiyo rahisi kuchunguza.

Mwili haukuachwa bila mafundi. Kuna vimeng'enya vinavyoikagua ngazi, vikiona imepinda hukata kipande chenye herufi karibu 30, kisha hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2015 kwa kuchunguza ukarabati wa DNA. Wapo watu wachache wanaozaliwa mafundi hao wakiwa hawafanyi kazi, na James Cleaver alilithibitisha jambo hilo mwaka wa 1968. Watu hao hupata kansa ya ngozi wakiwa bado watoto.

Mwenzangu wa dawati hana tatizo hilo. Mafundi wake ni wazima kama wangu. Alichokosa ni mwavuli. Katika ngozi yangu kuna rangi iitwayo melanini, nayo hujikusanya juu ya kiini cha seli upande ule jua litokako, ikameza miale kabla haijafika. Yeye alizaliwa na melanini kidogo mno. Kwa hiyo, tukiketi wawili nyasini saa ile ile, mimi nanyeshewa manyunyu na yeye ananyeshewa masika. Mafundi ni wale wale, ila yeye ana nyufa nyingi mno za kuziba kwa wakati mmoja.

KISA CHA BARAFU

"Lakini Mwalimu," niliuliza, "wamejuaje haya? Nani ameona thaimini zikishikana?"

Alicheka. "Hilo ndilo swali."

Ukiyeyusha thaimini katika maji na kuimulika kwa miale hiyo, ni shida kupata jozi. Mwaka wa 1960 nchini Uholanzi, Rob Beukers na Wouter Berends waliigandisha suluhisho ya thaimini ikawa barafu, wakaimulika. Jozi zikapatikana tele! Kwa nini barafu iweze, maji yasiweze?

Mwalimu alinipa mfano ambao sitausahau. Fikiria wanafunzi wote wamo uwanjani wakikimbia ovyo. Unapuliza kipenga kifupi mno, na sharti ni kwamba kila mmoja ashike mkono wa jirani kipenga kikiwa bado kinalia. Nani ataweza? Watakaoweza ni wale waliokuwa tayari wameketi bega kwa bega. Wanaokimbia, kipenga kitakoma kabla hawajageuza shingo. Sasa kipenga cha mwanga ni kifupi kuliko akili inavyoweza kufikiri: mwaka wa 2007 wanasayansi walipima, wakaona kwamba ndani ya DNA thaimini hushikana katika muda wa karibu sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Katika muda huo hakuna nafasi ya kusogea. Ama jirani yuko mahali pake, ama hayuko.

Katika maji, molekuli hukimbia ovyo. Katika barafu husukumwa pamoja. Katika DNA zimerundikwa daima. Na mahali hapo panapofaa pamepimwa. Gerhard Schmidt, aliyechunguza fuwele miaka ya 1960, alionyesha kwamba ili viungo viwili vya namna hiyo vikamatane kwa mwanga, lazima vilale sambamba na umbali usizidi takriban nanometa 0.42. Robert Woodward na Roald Hoffmann nao wakaeleza kwa nini muungano huo huwezeshwa na mwanga wala si joto. Hapo nilielewa jambo nililokuwa nalikosea: nilidhani jua humchoma mwenzangu kama moto uchomavyo. La hasha! Joto ndilo ulisikialo. Kinachoharibu maandishi hakisikiki hata kidogo.

THAIMINI CHUMBANI

Tatizo la barafu ni kwamba molekuli hukaa kama abiria katika matatu ya jioni: zimebanana, lakini huwezi kusema nani amekaa wapi. DNA yenyewe nayo hutikisika, imejaa maji na chumvi, na herufi zake ni nyingi. Ndipo wanasayansi wakaifikiria ile nyumba ya fito. Je, tukijenga fuwele yenye vyumba, tukaweka adenini ukutani kama misumari ya kutundikia kofia, kisha tukaleta thaimini, si zitajitundika zenyewe?

Mwaka wa 2019, kikundi kilichoongozwa na Kyriakos Stylianou katika taasisi ya EPFL ya Uswisi, akiwamo Samantha Anderson na mtaalamu wa hesabu za kompyuta Berend Smit, kilitangaza kwamba kimefanya hivyo hasa. Fuwele yao waliiita SION-19, kwa jina la mji wa Sion ilipo maabara yao. Mafundo yake ni zinki. Fito zake ni za namna mbili: molekuli kubwa yenye mikono minne, na adenini yenyewe, ile ile herufi ya DNA. Ustadi wao ulikuwa hapa: adenini waliifunga kwa upande mmoja, na ule upande wake ambao katika DNA hushikana na thaimini wakauacha wazi, ukitazama ndani ya kijia cha fuwele.

Waliitia fuwele hiyo thaimini. Thaimini zikapenya vijiani, kila moja ikatafuta adenini, zikashikana kama katika DNA. Vijia vilipojaa kiasi cha asilimia 40 hadi 45, majaribio na hesabu za kompyuta vilionyesha kwamba thaimini zilikuwa zimejipanga bega kwa bega, sambamba, kwa umbali unaotimiza masharti yote niliyoyataja. Basi wakawasha taa ya urujuanimno. Na kweli, thaimini zikaungana mbili mbili, pingu ile ile inayopatikana katika ngozi iliyochomwa na jua.

Msomaji mpenzi, hebu tulia hapo kidogo. Katika chombo kile hamkuwa na seli. Hamkuwa na damu, wala ngozi, wala mtu wa kulia. Kulikuwa na herufi zilizowekwa mahali pake, na mwanga. Hayo mawili yalitosha.

KIELELEZO SI KITU CHENYEWE

Mwalimu alinionya nisitie chumvi. SION-19 si DNA. Haina uti wa sukari na fosfati unaozishika herufi katika uzi. Vipandio vya DNA vimepinda kila kimoja kwa takriban nyuzi 36 kutoka kwa mwenzake, ilhali fuwele ina mpango wake. Haina guanini wala sitosini. Na muhimu zaidi, haina wale mafundi wa kukarabati. Kwa hiyo fuwele haiwezi kukuambia mtu fulani atapata kansa au hatapata. Ramani ya Kenya iliyo ukutani darasani haina mito yenye maji, lakini itakuonyesha njia ya kwenda Garissa. Kielelezo ni hivyo.

Basi faida yake ni nini? Ni kwamba katika kitu hai mambo mia hutokea kwa pamoja, huwezi kujua lipi limesababisha lipi. Fuwele huondoa tisini na tisa na kukuachia moja. Nayo imetuthibitishia kwamba madhara haya hayahitaji uzembe wa mtu, wala udhaifu wa mwili, wala laana ya mtu yeyote. Ni suala la nafasi na mwanga. Nasema "laana" kwa kusudi, maana sote tumeyasikia yanayosemwa vijijini kuhusu watu wenye ualbino, na wengine wetu tumeyacheka badala ya kuyakanusha.

Fikiria tena. Nafasi ya herufi katika DNA hatuwezi kuibadilisha. Ndivyo ngazi ilivyoumbwa. Kasi ya mwanga kuziunganisha hatuwezi kuizuia, kwani ikishaanza imeshakwisha. Mafundi wa kukarabati hatuwezi kuwaongeza kwa kuwaombea. Kilichobaki mkononi mwetu ni kimoja tu: mwanga usifike. Kofia, kivuli, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kofia ya pama niliyoitia kwapani, nikaona haya. Nilikuwa nimeushika mkononi ulinzi wote aliokuwa nao duniani siku hiyo, nikadhani nimeshika pambo.

BASI TUFANYE NINI?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sina cheo tena cha kutoa amri, kwa kuwa nilikirudisha mwenyewe mwisho wa muhula wa pili. Lakini kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili nina haki ya kusema, na ninayasema haya kwa heshima zote kwa walimu wetu na wenzangu.

Kwanza, kanuni ya kofia iandikwe upya. Wanafunzi wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu popote nje, bila kuomba ruhusa kila mara na bila kuulizwa na kiranja. Kuomba ruhusa mbele ya watu mia sita ni adhabu tosha.

Pili, shughuli za uwanjani zinazowaketisha watu juani ziepuke muda wa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kadiri iwezekanavyo, na pasipowezekana, pajengwe kivuli. Turubai za siku ya wazazi zimelala stoo mwaka mzima. Kivuli hicho kitatufaa sote, maana mwavuli wa melanini nao hupunguza miale tu, hauizuii yote.

Tatu, tujue msaada ulipo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kugawa mafuta ya kukinga jua kupitia hospitali za umma, na huko Moshi, Tanzania, mafuta ya aina hiyo yametengenezwa katika hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wengi hawana habari. Chupa moja ya mafuta hayo dukani inaweza kumshinda mzazi, kwa hiyo habari yenyewe ni msaada.

Nne, na hii ni kwetu wanafunzi: tuache majina. Mtu mwenye ualbino ana jina alilopewa na mamake. Tulitumie hilo.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mwenzangu makala haya tukiwa chini ya mti wa mkaratusi nyuma ya maabara. Alisikiliza yote, akauliza maswali mawili juu ya zinki ambayo ilinibidi nirudi kwa mwalimu kuyajibu, kisha akasema, "Sasa umejua." Nikamwuliza kama amenisamehe. Akaisogeza kofia yake mbele kidogo, akanijibu, "Nilikusamehe zamani. Lakini mwaka ujao kutakuwa na kiranja mwingine, na yeye je?"

Kwa kiranja huyo, yeyote atakayekuwa, ndiko ninakoyaelekeza maandishi haya. Ndugu yangu, siku ya riadha ukimwona mwenzako amevaa kofia pana nyasini, mwache. Na kama jua ni kali na huna hakika, muulize anataka kuketi wapi. Hapa natia nanga.